Kifungu cha Thelathini na Moja

Asubuhi ya kufunguliwa kwa kiwanda cha maziwa cha Aron Kipkurui, Chepkurui alikamua ng'ombe wake mapema, akaoga, akafunga kichwani kitambaa cha zambarau alichokuwa amekiweka kwa ajili ya Krismasi, kisha akamwambia binti yake, "Leo mimi nakaa mbele. Nataka nisikie na masikio yangu vile watakutaja."

"Pengine hata sitatajwa, mama."

"Utatajwa. Si wewe uliandika kila kitu?"

Janeffer alicheka kidogo. Lakini suti yake ya kijivu alikuwa ameipiga pasi mara mbili.

Na kweli aliandika kila kitu. Kiwanda kilikuwa kidogo tu, mtambo wa kupoza maziwa na ghala moja kando ya barabara nje ya soko la Ndanai, lakini mpango uliopelekwa benki ulikuwa wa kurasa thelathini na nane, na kila ukurasa ulitoka kichwani mwa Janeffer. Barua za kuomba umeme zilikuwa zake, fomu za leseni zake, hata hesabu za maziwa ya kila mwezi, masika na kiangazi, yeye ndiye aliyezitafuta shamba kwa shamba. Kwa miezi minane Aron alimlipa shilingi mia mbili kwa kila barua, na kila aliponung'unika alimwambia, "Ngoja tufungue, Namba Wani. Wewe ndiye meneja. Nani mwingine yuko na kichwa kama yako?"

Jina la Namba Wani lilitoka shuleni. Tangu darasa la pili hadi la nane Janeffer hakujua nafasi nyingine. Aron, waliyekaa naye darasa moja, alikuwa wa thelathini na nane kati ya wanafunzi thelathini na tisa, na yule wa thelathini na tisa alikosa nusu ya mitihani kwa sababu ya surua. Aron aliacha shule akiwa darasa la saba. Akaanza kubeba maziwa ya watu kwa baiskeli, kisha kwa punda, kisha kwa pikapu ya zamani iliyokuwa ikisukumwa zaidi ya kuendeshwa. Sasa alikuwa na lori tatu, kinu cha unga, na nyumba ya mabati ya bluu ambayo ilionekana kutoka ng'ambo ya bonde.

Janeffer alisoma hadi chuo kikuu. Alirudi na shahada ya takwimu ndani ya bahasha ya plastiki, akaomba kazi miaka sita, akafundisha shule ambayo wazazi ndio waliomlipa, walipoweza. Sasa, akiwa na miaka thelathini na sita, alikuwa amekodi meza moja katika saiba, duka la kompyuta la rafiki yake Wanjuhi pale sokoni, akiwajazia watu fomu za kodi na za mikopo ya shule. Watu waliomjua tangu utotoni walikuwa na namna ya kumtazama, kama mtu anavyotazama nyumba iliyoanzwa vizuri ikakwamia kwenye linta, kabla ya paa.

Kwa hiyo siku ile ilikuwa yake. Mahema yalijaa. Mchungaji aliomba, chifu akasalimia, kisha Aron akashika kipaza sauti. Alikuwa mfupi, mpana, na kicheko ambacho watu walikipenda kabla hawajajua anacheka nini. Aliwajua wafugaji mia tatu kwa majina, na ng'ombe wao pia kwa majina.

"Janeffer yuko wapi? Kuja hapa, usiogope."

Janeffer alipanda jukwaani. Aliona kitambaa cha zambarau safu ya mbele.

"Mnamwona huyu?" Aron alisema. "Tulikuwa darasa moja. Yeye namba wani, mimi mkia. Mwalimu alikuwa anasema, Aron, wewe utachunga ng'ombe mpaka ufe." Watu wakacheka. "Nikachunga. Ng'ombe zikanizalia lori tatu." Wakacheka zaidi. "Huyu naye akasoma. Akasoma, akasoma, mpaka macho ikaomba miwani. Leo ananiandikia barua, mimi namlipa mia mbili. Sasa niwaulize nyinyi wazazi. Kama mtu yuko na akili na hana pesa, hiyo akili iko wapi?"

Hema likalipuka. Aron akauelekeza mkono wa kipaza sauti kwa watu. "Iko wapi?"

"Iko wapi!" wakaitikia kwa pamoja, kama wanaoitikia pambio.

Chepkurui alikuwa akicheka nao. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kupimiana mahindi, na maneno ya Aron yalikuwa yamekwenda mbio. Alicheka kwa kuwa kila mtu alicheka na kwa kuwa binti yake alikuwa juu pale, ametajwa. Kisha jirani yake akainama akamwambia kitu sikioni kwa Kipsigis. Janeffer aliona kila hatua ya jambo hilo. Aliona macho ya mama yake yakizima huku mdomo ukibaki wazi kwenye kicheko, kwa sababu alikuwa safu ya mbele na watu walikuwa wanamtazama, na hakujua aufungeje.

Aron alimkabidhi Janeffer zawadi, mtungi mpya wa plastiki wa lita ishirini, "ili hata Namba Wani ajue kazi ya maziwa." Halafu akamtangaza meneja. Alikuwa Kipngetich, shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye hata yeye mwenyewe alionekana kushtuka.

Mama na binti walitembea kilomita nne kurudi nyumbani. Langoni Chepkurui alisimama, akafungua kitambaa kichwani, akakikunja mara nne.

"Niliuza Tapkigen na ndama wake," alisema. "Ndiyo ukaenda chuo." Akaingia ndani.

Ni hayo tu aliyosema. Angalilia, au angalimlaani Aron, pengine Janeffer angalilala usingizi siku ile. Lakini jina la ng'ombe yule lilimkaa kifuani kama mfupa wa samaki, na hapo ndipo alipoamua. Hakujua atafanya nini. Alijua tu kwamba atafanya, na kwamba hataharakisha.

Watu walimshangaa aliporudi kumwandikia Aron barua wiki iliyofuata. Wanjuhi alimshangaa kuliko wote. Alikuwa mwanamke wa makamo ambaye babu yake alikuja Ndanai kutoka Nyeri kuuza chumvi na mafuta ya taa, na ukoo wao ukabaki; alikisema Kipsigis kama aliyezaliwa nacho, na hakuwa na subira na watu wanaojikalia na uchungu.

"Mimi ningemtukana mpaka mama yake asikie huko kaburini," alisema. "Wewe unamwandikia barua?"

"Mia mbili ni mia mbili."

"Jeni. Usiniambie ni mia mbili."

Janeffer aliendelea kuchapa barua. Mtu akitaka kumwona adui anapojikwaa, hawezi kukaa mbali naye.

Ilimchukua miezi kumi na mmoja. Mwezi wa tisa wa mwaka uliofuata, saa nane mchana, mvua ya kila siku ikipiga mabati kiasi kwamba watu waliongea kwa kupaza sauti, Aron aliingia saibani akiwa amebeba bahasha ndani ya koti ili isilowe. Alivuta kiti karibu na meza, akaketi, akatoa karatasi nyingi zilizobanwa pamoja.

"Ni kampuni ya Nairobi," alisema. "Wananipa mashine ya kupakia maziwa kwa paketi. Mpya kabisa. Sitoi hata shilingi sasa, nalipa polepole na maziwa. Kuna msichana wao anaitwa Shirley, anakuja Ijumaa nitie sahihi. Soma, uniambie kama iko sawa."

"Mkataba kama huu unapelekewa wakili, Aron."

"Wakili wa Bomet anataka elfu thelathini. Atasoma maneno hayo hayo utasoma wewe."

Wanjuhi alitoa nakala kwenye mashine ya fotokopi, kurasa arobaini na nne, na Janeffer akaanza kusoma. Aron alikaa pale pale, mikono juu ya magoti, akimwangalia kama mgonjwa anavyomwangalia daktari anayesoma picha ya mapafu. Hakuwa na haya mbele yake juu ya kutojua kusoma Kiingereza kile kizito. Hiyo ilikuwa tabia yake nzuri; hakuwahi kujifanya anajua.

Kurasa ishirini na tano za kwanza zilikuwa za kawaida. Kwenye ukurasa wa ishirini na sita kulikuwa na kifungu cha thelathini na moja. Kilikuwa kirefu, sentensi moja ya mistari kumi na miwili, na kilisema hivi ukikivua nguo zake: kiwanda kikishindwa kupokea lita elfu tatu kwa siku, kwa siku ishirini na moja mfululizo, kampuni itachukua mtambo, lori na ploti yenyewe, bila kwenda kortini na bila kumsubiri mtu.

Janeffer alivua miwani yake akaifuta na ncha ya sweta.

Hakuhitaji kufungua kitabu chochote. Hesabu za maziwa alikuwa amezikusanya yeye. Masika, lita elfu tano. Kuanzia katikati ya Januari hadi mvua za mwisho wa Machi, nyasi zikikauka, lita elfu mbili na mia nne, mwaka mzuri elfu mbili na mia sita. Haikuwa bahati nasibu. Ilikuwa tarehe.

Alisoma hadi ukurasa wa mwisho ili mikono yake ipate la kufanya. Kisha Aron akasema, kwa sauti ya chini, mvua ilipopungua kidogo, "Unajua, Janeffer, kwa mambo ya karatasi ni wewe tu naaminia. Hata bibi yangu simwamini hivyo."

Hakumwita Namba Wani. Alimwita kwa jina lake, na Janeffer akahisi maneno yanampanda kooni. Kuna kifungu hapa, Aron. Yalikuwa yamefika kwenye meno. Angeyasema, aliapa baadaye kwamba angeyasema, lakini Aron alikuwa tayari ameinuka, ametoa noti ya mia mbili, ameiweka juu ya mkataba, na ule uso wake mpana umefunguka kwenye kicheko.

"Nunulia mama sukari, Namba Wani. Si huyo mama anapenda kukaa mbele?"

Janeffer aliitazama noti. Akavaa miwani.

"Iko sawa?" Aron aliuliza.

"Iko sawa," alisema. "Tia sahihi."

Ijumaa akatia sahihi. Picha zilipigwa. Mashine ilikuja juu ya trela, ikang'aa, na kwa miezi mitatu maziwa ya Ndanai yaliuzwa kwenye paketi hadi Kisii, na Aron akanunua kofia ya ngozi. Janeffer alimwona akipita na kofia hiyo akawa anahesabu wiki, mtu anavyohesabu wiki za ng'ombe mwenye mimba. Hakuwa na huzuni. Ni vizuri kusema ukweli hapa: zilikuwa siku za raha katika maisha yake. Alikula vizuri. Alilala vizuri. Akimsikia Aron akicheka sokoni, alicheka naye.

Kiangazi kilikuja mapema. Januari ilipofika nusu, asubuhi zilikuwa na jalidi iliyounguza chai kwenye miinuko, na mchana jua lilikausha nepia, nyasi za kulishia ng'ombe, hadi zikawa zinalia upepo ukipita. Maziwa yakashuka. Lita elfu tatu na mia moja, elfu mbili na mia tisa, elfu mbili na nusu. Aron hakujali, kila mwaka yalishuka, kila mwaka yalipanda. Siku ya ishirini na mbili tangu yashuke chini ya elfu tatu, lori mbili zisizojulikana ziliingia kiwandani saa tatu asubuhi, na watu waliovaa maovaroli yanayofanana, na yule Shirley akiwa na karatasi mkononi, mpole kabisa, akimwita Aron mzee wangu. Hadi saa saba kufuli mpya zilikuwa milangoni na lori tatu za Aron zimekwenda.

Soko zima lilikimbilia huko. Janeffer naye alifunga meza yake akaenda. Alitaka kuiona sura ya Aron, na aliiona. Alikuwa amekaa juu ya mtungi uliopinduliwa, kofia mkononi, akiwatazama watu wale wakifanya kazi kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Janeffer alisubiri ile raha ifike, na ilifika, ikamjaa.

Kisha akageuka, akaona foleni.

Ilikuwa ni foleni ya wafugaji waliokuwa wameleta maziwa ya asubuhi na kukuta mlango umefungwa. Wengine walikuwa na lita tano, wengine kumi. Jua lilikuwa limeshapanda. Mmoja alimwaga mtaroni, kisha wa pili, kisha wote, kwa sababu maziwa yaliyokaa juani hadi mchana hayana wa kupelekewa. Mtaro ukawa mweupe hadi kwenye kalvati la chini ya barabara. Na wa sita kwenye foleni alikuwa Chepkurui, na mtungi wa plastiki wa lita ishirini, ule ule wa zawadi, kwa sababu mtungi mzuri hautupwi kwa ajili ya hasira. Aliumwaga polepole, akausuza kwa maji kidogo, akamwona binti yake amesimama ng'ambo ya barabara.

Jioni, wakila, Chepkurui alisema, "Watu wanasema Aron hakusomewa karatasi."

Janeffer alitafuna.

"Aron hawezi kutia sahihi kitu hujasoma wewe. Mimi najua. Alikuja na bahasha hiyo, Wanjuhi aliniambia mvua ilimpiga."

"Alikucheka, mama. Mbele ya mchungaji, mbele ya chifu. Mpaka leo hujafunga kile kitambaa."

Chepkurui aliweka kikombe chini. Alizungumza Kipsigis sasa, polepole. Alisema alichekwa, ndiyo, na iliuma, na angekufa nayo kama wazee wanavyokufa na mambo mengi. Alisema maziwa yale yaliyokuwa mtaroni ndiyo yaliyokuwa yakinunua dawa yake ya presha. Kisha akamalizia kwa Kiswahili, kana kwamba alitaka maneno haya yasikike hata na mtu asiyekuwepo: "Mimi sikukutuma."

Aron alikuja saibani siku ya nne. Alikuja kwa miguu, na buti za mpira, na nakala ya mkataba imekunjwa mfukoni. Binti yake aliyekuwa kidato cha nne alikuwa amemsomea usiku kucha akitumia kamusi. Wanjuhi alipomwona usoni aliinuka akatoka nje, akasimama mlangoni mgongo wake ukiwa kwao.

"Kifungu ya thelathini na moja," Aron alisema. "Uliiona?"

"Niliiona."

"Uliielewa?"

"Kabla sijafika mwisho wa mstari."

Janeffer alikuwa amelitayarisha jibu lake kwa mwaka mzima na nusu, na sasa akalitoa bila kupandisha sauti.

"Uliniuliza mbele ya watu akili yangu iko wapi. Ilikuwa ukurasa wa ishirini na sita."

Alitarajia atukanwe. Alitarajia meza ipinduliwe, na alikuwa tayari. Alitamani hivyo, ili kila mtu aje, asikie, ajue. Aron aliinamisha kichwa tu, kama mtu aliyetajiwa bei na kukubali kwamba ndiyo bei.

"Tangu darasa la pili nilikuwa nakuogopa," alisema. "Siku ile nilikuwa najicheka mwenyewe, nikakuchukua wewe ndani. Na ya mama yako, hiyo nilikosa." Aliinuka. "Lakini wewe ulikuwa na mwaka mzima ya kufikiria. Mimi nilikuwa na dakika mbili na kipaza sauti."

Akatoka. Wanjuhi aliingia akaketi kwenye kiti chake, akachezea funguo.

"Nilikuona ukitoa miwani," alisema mwishowe. "Siku ile ya mvua. Nikajua umeona kitu. Nikasema atamwambia." Urafiki wao haukuvunjika. Waliendelea kunywa chai ya saa nne pamoja na kuteta juu ya wateja. Ila miezi miwili baadaye, mkataba wa nyumba ya saiba ulipofika mwisho na mwenye ploti akaleta mpya, Wanjuhi alipanda gari hadi Bomet, akamlipa wakili. Janeffer aliiona bahasha yenye muhuri wa wakili huyo juu ya friji ndogo. Meza yake ilikuwa hatua tatu kutoka hapo.

Kuhusu Aron, alisubiri asemwe. Alisubiri siku atakaposimama sokoni na kusema Janeffer amenimaliza, na watu wajue kwamba namba wani alimpiga mkia, kwa karatasi, bila hata kuinuka kitini. Siku hiyo haikuja. Aron aliwaambia watu alitia sahihi bila kusomewa, tamaa ikamfumba macho, Mungu amemfunza. Watu wakamhurumia. Wakaogopa pia, na woga huo wakauleta kwa Janeffer. Kila mwenye karatasi ya kampuni, ya shamba la kukodisha, ya minara ya simu, ya ndugu anayetaka kugawa ardhi, alipanga foleni mbele ya meza yake. Aliacha bei ya mia mbili, akatoza elfu mbili, wakalipa. Akatoza elfu tano. Wakaja kutoka Sosiot, wakaja kutoka Kipkelion. Ndani ya mwaka mmoja alipata zaidi ya alivyopata katika miaka yote tangu chuo, na wakubwa wa soko wakaanza kumwita madam. Wale waliokuwa wamepiga kelele ya "iko wapi" chini ya lile hema sasa walimwonyesha watoto wao kwa kidole: soma uwe kama yule.

Alisoma kila mkataba mara tatu. Hakumdanganya mtu mwingine tena. Lakini kila mteja alipomwambia, "Kama Aron angekuja kwako kwanza," alilazimika kutikisa kichwa kwa masikitiko, na kutikisa kichwa huko kulimchosha kuliko kusoma.

Alimnunulia mama yake ng'ombe wa gredi, wa maziwa mengi, mwenye mimba. Chepkurui alimpokea, akamshukuru kwa adabu, kama mtu anavyoishukuru serikali. Ng'ombe alipozaa, maziwa yake yalianza kuchukuliwa kila asubuhi langoni na mwanamume aliyekuja kwa pikipiki yenye mitungi miwili. Alikuwa Aron. Alikuwa ameanza upya na wafugaji kumi na wanne, sasa walikuwa themanini.

Miezi kadhaa Janeffer alipanga asubuhi zake ili wasikutane. Halafu Chepkurui akashikwa na homa ya mapafu, akalala, na asubuhi moja Janeffer ndiye aliyelazimika kukamua na kusimama langoni na mtungi.

Aron alizima pikipiki. "Chamge, Janeffer. Mama anaendeleaje?"

"Chamge. Anapata nafuu."

Alichovya kipimo, akapima, akakunja uso. "Lita tano? Huyu anatoa nane."

"Ndiyo hiyo imetoka."

"Haijatoka. Umeiacha ndani. Ukimwacha hivyo siku tatu atashikwa na ugonjwa wa matiti."

Aliingia bila kuomba ruhusa, akanawa mikono kwenye ndoo, akachuchumaa. Aliongea na ng'ombe kwanza, maneno ya kipuuzi, akimpigapiga ubavu, na Janeffer akaona mnyama aliyekuwa akimkanyaga nusu saa nzima akitulia. Maziwa yakaanza kupiga ndoo tena.

"Kwa nini hukuwaambia watu?" Janeffer aliuliza. Aliuliza kwa ukali; alikuwa amelibeba swali hilo mwaka mzima na lilikuwa limemchubua.

Aron hakugeuka. "Ningesema nini? Niliwaambia huna akili, halafu niwaambie umenishinda? Mtu wa biashara akionekana amefanywa mjinga, hakuna anampea maziwa tena. Akionekana amepata bahati mbaya, wanamwongezea." Akabadilisha chuchu. "Ningekutaja, leo tungekuwa wawili hatuna kitu. Sasa wewe una ofisi, mimi niko na wafugaji themanini. Hiyo si huruma, usifikirie ni huruma. Nilipiga hesabu."

Janeffer alisimama ameshika kamba ya ng'ombe. Alitafuta hasira yake na akaikuta, iko pale pale ilipokuwa, haijapungua sana. Lile hema, ule mdomo wa mama yake uliokosa kujifunga. Hakuwa amemsamehe. Wala hakuona dalili kwamba Aron amemsamehe yeye. Aliona tu kwamba mtu huyu wa nafasi ya thelathini na nane alikuwa amepiga hesabu aliyoikosa yeye, akaipiga kichwani, bila karatasi, siku ile ile alipopoteza kila kitu.

Kutoka ndani ya nyumba Chepkurui alikohoa, kisha akaita kwa sauti dhaifu, akiuliza kama maziwa yameshachukuliwa.

"Bado, mama," Aron alijibu kabla ya Janeffer. "Tunamalizia."

Alijaza ndoo hadi lita nane na robo, akamimina kwenye mtungi wake, akaandika mkononi kwa kalamu kwa sababu hakupenda daftari. Kisha akawasha pikipiki akaenda kwa jirani, na Janeffer akaingia ndani kumwandalia mama yake chai.